Mchawi wangu anamaliza mchezo peke yake, wenzake wanachezea simu

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Tanga. Kila Jumamosi baada ya Alasiri tunakutana watu watano barazani kwetu kucheza mchezo wa kuigiza wahusika. Kwa wasomaji wako wasioujua: hakuna ubao wala karata. Tunakaa mkekani, kila mmoja ana mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi, na mimi ndiye mwendesha mchezo. Naeleza mahali walipo, naigiza walinzi, maadui na wauza samaki, nao wananiambia wahusika wao wanafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu inaamua.

Tulianza miaka miwili iliyopita na Dungeons & Dragons, kitabu tulichoazimwa na ndugu aliyerudi kutoka Uingereza. Nikachoka kuwaeleza wenzangu theluji na ngome za barafu, nikaamua kuandika mchezo wangu. Ni mji wa pwani wa kubuni, una majahazi, magofu, njia za panya na kisiwa ambacho hakuna anayekubali kulala. Wenzangu wameupenda. Kinachonishinda ni uchawi.

Mhusika mwenye uchawi anachezwa na rafiki yangu, fundi simu. Nimempa nguvu 20 kwa siku. Afsuni (maneno ya uchawi anayotamka) ikiwa ndogo inakula nguvu 2, kubwa inakula 8, na akilala usiku zinarudi zote. Afsuni ziko 64, nimeziandika moja moja kwenye daftari, na nina uhakika hakuna aliyezisoma zaidi ya kumi za mwanzo.

Wiki tatu zilizopita walitakiwa kuingia ngomeni wamtoe mateka. Nilijiandaa wiki nzima. Nahodha angewapitisha kwa bahari usiku, mfanyabiashara angehonga mlinzi, na dada yangu mdogo, ambaye mhusika wake ni mwizi, angepanda ukuta. Fundi simu akawalaza walinzi wote, akafungua kufuli kwa afsuni, akamtoa mateka na kuruka naye juu ya ukuta. Dakika kumi na mbili. Nilipoinua macho, wenzake watatu walikuwa kwenye simu zao.

Nikapandisha bei ya kila afsuni mara mbili. Sasa akitumia mbili tu anasema, “Tulale.” Jumamosi ile wahusika walilala mara tatu kabla ya adhuhuri ya mchezoni. Nikajaribu njia nyingine: kila afsuni lazima arushe dadu ya pande ishirini (tunaitumia kwenye simu, hapa madukani sijaiona), akipata 11 au zaidi inafanya kazi, chini ya hapo haifanyi. Akakosa mara nne mfululizo. Akaweka karatasi chini, akauliza ni nani kamroga, akaondoka hata Magharibi haijaadhiniwa.

Kama hiyo haitoshi, mama alifagia baraza akaliokota daftari. Juu ya jalada nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: MCHAWI, DARAJA LA 3. Ndani kuna orodha ya afsuni. Nyumba nzima ilifukizwa udi, baba mdogo akaitwa kufanya kisomo, na tumeambiwa tutafute baraza nyingine.

Nifanyeje? Na swali dogo la mwisho: nahodha wetu alikufa Jumamosi iliyopita kwa kuliwa na papa. Mchezaji wake anataka mwenye uchawi aruhusiwe kumfufua. Nimruhusu?

Mwendesha Mchezo Asiye na Baraza
Tanga

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na mama, kwa sababu bila baraza hakuna mchezo, na kwa sababu nadhani amekionyesha kidole kidonda chenyewe bila kujua. Mimi ningeokota daftari lile ningechoma udi pia. Hebu lisome jalada lako kwa macho ya mtu asiyejua kuna mchezo. Mchawi kwa Kiswahili ni nani? Ni anayetembea usiku, anayedhuru kwa husuda, mara nyingi jirani au ndugu, na hakuna hata mmoja duniani anayekubali kwamba ndiye. Hana jalada wala daraja la 3. Kitabu chenu cha Kiingereza kilikuwa na msomi mwenye ndevu na vitabu, mtu wa kuheshimiwa, nawe ukamtafutia jina haraka haraka ukamvisha la mchawi.

Wetu wa namna hiyo ni mganga. Mganga anajulikana nyumba yake. Ana mkoba, ana tunguri, ana wateja wanaopanga foleni, anadai chake, na kabla hujatoka mlangoni anakupa masharti: usigeuke nyuma mpaka ufike kwako, usimpe mtu mkono, usile chumvi siku tatu. Ukivunja, dawa imeharibika na usije kumlaumu. Ulipomwita mhusika wako mchawi, hukuudhi wazazi peke yake. Ulimnyima kitu ambacho jina la mganga lingekuletea bure, yaani masharti. Halafu ukaanza kutafuta breki kwenye hesabu za nguvu 20 na 8, wakati breki ilikuwa imekaa ndani ya neno.

Nitarudi hapo. Kwanza nimalize upande wa mama, maana kuna jambo zito zaidi ya udi. Nchini kwetu watu wamekufa kwa neno hili. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani za utajiri. Kwa hiyo kwenye mji wako wa kubuni, viungo vya mwili wa binadamu visiwe dawa ya kitu chochote, hata kwa adui. Bibi mwenye macho mekundu asiwe jini la kupigwa. Na aya, dua na kombe viache vilipo. Usimwekee mchezaji Qur'ani kama risasi za bunduki, hata ukidhani unaiheshimu. Pwani ina vitu vya kutosha visivyo ibada ya mtu: ramli, fingo, kago, chetezo, upepo, bahari yenyewe.

Mama mwite siku moja kabla ya mchezo, umsomee kanuni mpya kwa sauti. Mpe dadu arushe. Usimwambie kwamba huko Marekani watu wanacheza hivi tangu 1974, hiyo haitamsaidia, na isitoshe huko nako miaka ya 1980 wazazi na wahubiri walisema mchezo unafundisha kuabudu mashetani. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba toleo la pili la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 1989, liliwaondoa mashetani, kisha likawarudisha kwa majina ya kubuni, tanar'ri na baatezu. Mashetani wale wale, vibao vipya. Wewe usifanye hivyo. Ukibadilisha jina tu bila kanuni, mama atakujua mara moja.

Sasa tatizo lako la nguvu 20.

Hazina hiyo inayojaa kila usiku ina asili yake. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa kile kitabu chenu mwaka 1974, waliazima wazo kutoka hadithi za Jack Vance: mwenye uchawi anaihifadhi afsuni kichwani, akiitamka inafutika, mpaka aisome upya. Mhusika wa daraja la kwanza alikuwa na afsuni moja kwa siku. Moja! Ukiitumia asubuhi kufungua mlango, mchana mzima unabeba tochi. Na kulala hakukuwa bure. Mlikuwa chini ya ardhi, mwendesha mchezo anarusha dadu kila baada ya muda kuona kama kuna kiumbe anapita, mienge inaisha, chakula kinaisha. Anayesema “tulale” alikuwa anawauliza wenzake kama wako tayari kuliwa usingizini. Wewe umechukua ndoo ukaacha kisima. Mjini kwako fundi simu akitaka kulala anakodi chumba, anaagiza chai ya tangawizi, nguvu hizo zimerudi.

Kwa hiyo kupandisha bei kulishindwa, na kungeshindwa hata ungepandisha mara kumi. Kitu kinachorudi chenyewe si bei. Wengine waliona hilo mapema wakatoza kisichorudi kirahisi: michezo mingine ya namna hii, Call of Cthulhu, mwaka 1981, inamla mhusika akili zake, na Shadowrun, mwaka 1989, inaupiga mwili wake mwenyewe kila anapotumia uchawi. Zote ni njia nzuri. Lakini angalia ni nani analipa. Ni yule yule mmoja. Analipa peke yake na anang'ara peke yake, wenzake bado wako kwenye simu.

Mimi nimecheza mambo haya tangu nilipokuwa na nywele, na jibu langu ni hili: bei ya uganga iwekwe na mchezaji mwingine. Mganga anataja anachotaka, anarusha dadu mbili za kawaida za pande sita (vunja seti ya ludo, usihangaike na simu). Akipata 10 au zaidi, imefanya kazi, hadaiwi. Akipata 7 hadi 9, imefanya kazi, lakini mchezaji aliye kushoto kwake anampa sharti moja. Akipata 6 au chini, bado imefanya kazi, ila masharti ni mawili, moja la wa kushoto na moja lako wewe. Vipimo hivi vya 10 na 7 sikuvitunga mimi, vimeenea tangu mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010. Nilichoongeza ni masharti, na ile ya chini kutokuwa kushindwa.

Hesabu yake ni rahisi. Dadu mbili zina matokeo 36. Yanayofika 10 au zaidi ni 6, ya 7 hadi 9 ni 15, ya 6 kushuka ni 15. Maana yake mara 30 kati ya 36 mganga anabaki na deni. Na hakuna hata mara moja anapokaa na mikono mitupu kama rafiki yako. Yule hakurogwa, mpwa. Dadu uliyompa inakosa nusu ya mara zote, na kukosa mara nne mfululizo ni jambo la mara moja katika kumi na sita. Kila baada ya wiki chache lingempata tu. Wewe ndiye uliyetega, bila kujua. Mwombe radhi.

Sharti liwe la namna gani? Hapa ndipo utamu ulipo. Anayeliweka aliweke kwa manufaa ya mhusika wake. Rudi ngomeni kwako. Mganga anawalaza walinzi, dadu zinaleta 8, na kushoto kwake amekaa nahodha. Nahodha anasema: “Usikanyage nchi kavu hadi alfajiri.” Basi. Mganga sasa yuko ndani ya ngalawa, na nahodha ndiye anayempeleka chini ya kila dirisha. Angekuwa mwizi kushoto, angesema: “Usiguse chuma.” Nani atafungua kufuli? Dada yako. Mfanyabiashara angesema: “Usizungumze na mgeni yeyote,” na mlinzi wa zamu akiamka, mwenye ulimi ni yeye. Mganga bado ni mkubwa, amelaza ngome nzima. Lakini mikono yake imefungwa na wenzake, kila mmoja kwa kamba ya kazi yake.

Weka mpaka: masharti matatu kwa wakati mmoja. Akiwa nayo matatu mkobani hawezi kugusa uganga mpaka moja liishe, na haliishi kwa kulala, linaishia pale lilipotajwa kuishia, alfajiri, kuvuka mto, kurudi nyumbani. Na utawakuta wachezaji wanaotoa masharti ya uadui. Kijana mmoja mezani kwangu alimwambia mganga asipumue. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kwamba sharti liwe ambalo mtoto mkaidi anaweza kulishika kutwa nzima. Pia hesabu mpaka kumi, asiyetaja sharti kwa wakati nafasi yake inapita kwa anayefuata, la sivyo kila afsuni itazaa mjadala wa bunge.

Akilivunja je? Hapo nakuja kwenye daftari lako la afsuni 64.

Lichome, au mfungie mtu vitumbua. Mwaka 1987 Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen walitoa mchezo unaoitwa Ars Magica, ambamo hakuna haja ya kukariri orodha. Kuna vitendo vitano na vitu kumi, vyote kwa Kilatini: kuumba, kujua, kugeuza, kuharibu, kutawala, kwa upande mmoja, na upande wa pili moto, maji, mimea, akili na kadhalika. Unachukua kitendo kimoja unakioanisha na kitu kimoja, tayari una afsuni, na oanisho zote ni 50. (Hao pia waliliona tatizo lako la mchawi kufunika wenzake. Suluhisho lao: kila mchezaji ana mchawi wake na pia mhusika wa kawaida, mnapokezana. Kwa watu wanne mkekani ni karatasi nyingi mno, lakini mkichoka na njia yangu, ijaribuni.)

Sisi Kilatini cha nini wakati tuna Kiswahili? Kaa kidogo na vitenzi hivi: funga, fungua. Ficha, fichua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Kunja, kunjua. Lugha yako imekupa kila tendo na utenguzi wake, kwa kubadilisha mkia tu. Nahau ya uganga yenyewe imejaa hayo: kinachozindikwa huzinduliwa, na siku hizi tunazindua barabara na vitabu bila kukumbuka kwamba tunaondoa zindiko, yaani kinga ya kiganga. Chukua vitendo hivyo vitano. Viweke upande mmoja wa karatasi. Upande wa pili andika vitu vitano: mwili, maji, moto, njia, kauli. Hayo ni maoanisho 25, na ukihesabu na utenguzi wake ni 50, yote kwenye nusu ukurasa, na hata mama anayaelewa bila kamusi. Funga kauli: mlinzi anataka kupiga kelele, mdomo unakataa. Ficha moto: mnapika usiku kisiwani na hakuna jahazi linaloona mwanga. Kunja njia nitakueleza sasa hivi. Kunja moto hata mimi sijui ni nini hasa, lakini binti mmoja aliukunja kama jamvi akautia kwapani, na tukakubali.

Mganga aanze na vitendo viwili na vitu viwili. Akipanda daraja, mwongezee kimoja. Usimwongezee nguvu, maana nguvu hazipo tena.

Na sharti likivunjwa, tendo linageuka mkia. Kilichofungwa kinafunguka, kilichofichwa kinafichuka, pale pale, mbele ya yeyote aliyepo.

Mezani kwangu mwezi uliopita mganga wetu, mhusika anayeitwa Mwanamaka, alitaka kufika kilimani kabla ya msafara wa adui. Mwendo wa siku mbili. Akasema anakunja njia. Dadu zikaleta 5 na 3. Wa kushoto, mchezaji wa nahodha, akafikiri kidogo, akasema: “Usiitwe kwa jina lako mpaka turudi bandarini.” Sharti jepesi, tukacheka. Wakapiga hatua kumi, kilima hicho hapo. Getini yumo bawabu mmoja mzee ana fimbo na kibuyu cha maji. Akauliza, “Huyu mama ni nani?” Kimya. Nahodha akajibu, “Ni shangazi yangu.” “Shangazi yako hana jina?” “Kwetu shangazi hatajwi jina.” Bawabu akaanza kucheka, akawafungulia, akawakaribisha maji. Dakika ishirini tulizicheza kwenye lile geti tu, nahodha akisema uongo juu ya uongo, mganga akitikisa kichwa kwa adabu kama shangazi. Mara nyuma yao msafara ukatokea vumbini. Kijana wa nne, ambaye muda wote alikuwa anasinzia, akashtuka akapiga kelele: “Mwanamaka, kimbia!”

Hakuna aliyesema kitu. Nikaokota dadu nikaziweka mfukoni. Njia ikakunjuka. Wakajikuta bandarini walikoanzia, wote wanne, na bawabu mzee pamoja nao, kwa sababu alikuwa amesimama juu ya mkunjo, fimbo mkononi, kibuyu kinamwagika. Mpaka leo yumo kwenye kundi. Hataki kurudi kilimani, anasema bandarini kuna samaki.

Dadu peke yake isingenipa jambo hilo, na orodha ya afsuni 64 isingenipa.

Kanuni ya mwisho utaikuta kwenye methali: mganga hajigangi. Iandike hivyo hivyo kwenye karatasi ya mhusika. Hawezi kuufunga mwili wake, hawezi kuuficha, hawezi kujirusha juu ya ukuta. Anaweza kumficha mwizi, basi mwizi ndiye anayeingia. Wala hawezi kutengua alichofanya mwenyewe. Mwanzoni mimi niliruhusu mganga afunge na kufungua atakavyo, na uganga ukawa kama swichi ya taa, hauna uzito. Sasa akitaka kutengua kabla ya wakati, aliyempa sharti ndiye amwachilie, au wakatafute mganga mwingine upande wa pili wa mji, ambaye utamcheza wewe, na ambaye naye atadai chake. Mchezo mzima wa Jumamosi moja unaweza kutoka hapo.

Fundi simu atalalamika, najua. Amezoea kuwa jenerali. Mweleze kabla ya mchezo, si katikati, na umwonyeshe upande wa pili wa mizani: zamani afsuni zake zilikosa nusu, sasa hazikosi. Mpe Jumamosi mbili. Kama bado ananuna, badilishaneni wahusika, yeye awe wa kushoto. Mtu akishaonja kumwekea mwenzake masharti, harudi nyuma.

Kuhusu nahodha wako aliyeliwa na papa: hapana. Fufua ina mkia unaofanana na fungua na fichua, lakini usiiweke kwenye karatasi. Papa keshakula. Wahusika wapike hitma mjini, mganga alipie ubani, na mchezaji wake arushe dadu mbili kujua nahodha aliacha deni kiasi gani na kwa nani. Mhusika wake mpya awe ndiye mdai, anakuja bandarini Jumamosi hii kuulizia jahazi lake.

Mjomba